Kadi Sikupewa, na Eliamani Sikumwona

Mimi ni mama wa Old Moshi, huku juu kwenye migomba. Nina watoto watatu wazima na mmoja aliyelala nyuma ya nyumba. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo atakayekuta makosa humu ayapite tu. Ninaandika kwa sababu kina mama wa kanisani kwetu waliniomba niwasimulie siku ya semina. Nilisimama mbele, neno likagoma kutoka, nikarudi kukaa. Kwenye karatasi angalau ninaweza kusimama kidogo, nikalia, nikaendelea.

Na nitataja majina. Mama mchungaji aliniambia niseme tu "baadhi ya watu". Hapana. Baadhi ya watu hawana mdomo wa kumwambia mgonjwa rudi nyumbani. Waliofanya wana majina, na mimi nimo.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Mvua za masika zilianza, nikakosa siku zangu. Mwezi wa pili nikakosa tena, nikasema ni umri. Mwezi wa tatu nilikuwa nakamua ng'ombe, harufu ya maziwa ya moto ikanipanda puani, nikatapika pale pale zizini. Hapo sikuwa na la kujidanganya.

Shida ni kwamba binti yangu mkubwa, Upendo, aliyeolewa Himo, naye alikuwa na mimba yake ya kwanza. Yake ilitangulia yangu kwa mwezi mmoja hivi. Mama na binti, matumbo mawili. Kwetu wazee wanasema mama akishamwoza binti, kazi ya kuzaa amemwachia. Kuendelea ni kama kumnyang'anya.

Wa kwanza kugundua hakuwa mume wangu. Alikuwa mama mkwe, Bibi Ndeshi, ambaye nyumba yake na yangu zimetenganishwa na kihamba kimoja, yaani shamba letu la migomba na kahawa. Alinikuta nimeinama kwenye mfereji, akasimama nyuma yangu kwa muda.

"Mama Upendo, una mzigo."

"Mzigo gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Nimezaa saba."

Nikaendelea kusuuza ndoo ambayo ilikuwa safi.

"Sasa sikiliza," akasema. "Funga kitenge vizuri, nyamaza. Upendo ajifungue kwanza. Matumbo mawili ya nyumba moja yakitangazwa pamoja, moja linaliwa."

Nilimtii. Leo nikijiuliza kama niliamini, ninaona niliamini nusu. Nusu nyingine ilikuwa aibu yangu mwenyewe, na hiyo aibu ndiyo ilikuwa kubwa. Nilivaa sweta la mume wangu. Kanisani nilikaa nyuma. Upendo akipiga simu kuniuliza mama, hivi kiungulia kinapoa kwa kitu gani, ninamwambia, na mimi mwenyewe nimeshika kifua kinaniunguza.

Wewe unayesoma na unafunga kitenge kama nilivyofunga mimi, soma hapa vizuri. Ilipofika baridi ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nilianza kuumwa kichwa. Si kile cha kuumwa leo kesho kimepona. Kilikuwa kinagonga kwa ndani, nyuma ya macho. Nikasema liwalo na liwe, nikaenda zahanati bila kumwambia Bibi Ndeshi. Nilimwambia nakwenda kukata majani ya ng'ombe, na mundu nilibeba kweli, nikauficha kwenye ua wa watu.

Lile benchi la kliniki liko nje, chini ya bati. Tulikaa saa nyingi. Wote walikuwa mabinti, wengine na waume wao wamesimama ukutani wanachezea simu. Mmoja, hata kwao ninapajua, akaniuliza:

"Shikamoo mama. Umemsindikiza Upendo?"

"Marahaba. Nimekuja mwenyewe."

Akaangalia sweta, akaangalia mwenzake. Yule mwenzake akasema kwa sauti ya chini ambayo ililengwa nisikie, "Na babu yuko wapi? Au anaogopa kupimwa damu?" Wakacheka wamefunika midomo kwa kanga. Nilicheka nao, ili nisiwe peke yangu.

Zamu yangu ikafika. Nesi wa kliniki alikuwa Felista. Ninamtaja. Hakuniangalia usoni.

"Mwenza wako yuko wapi?"

"Yuko mlimani, nesi. Ni mpishi wa wageni."

"Akishuka mje wote wawili. Hapa hatufungui kadi ya mtu mmoja. Mimba hukuipata peke yako."

"Nesi, kichwa kinanigonga. Nipime tu leo, na yeye atakuja."

"Nikupime nikuandike wapi? Kadi huna."

"Andika hata kwenye karatasi."

"Mama, usinifundishe kazi. Kama mwenza hayupo, leta barua ya mwenyekiti. Anayefuata!"

Kile kipimo cha presha, kile cha kufunga mkononi, kilikuwa juu ya meza. Kilikuwa kimekunjwa karibu na kikombe chake cha chai. Nilikiona. Kukifunga na kukifungua hakuchukui muda wa kumaliza hicho kikombe. Nimekikumbuka hicho kipimo kuliko ninavyoukumbuka uso wake.

Barua ya mwenyekiti sikuifuata. Mwenyekiti wetu ni rika la mume wangu na wanakunywa mbege pamoja. Nikimwambia asubuhi, jioni kilabu kizima kinajua kwamba Mama Upendo anazaa sambamba na bintiye. Hili nilifanya mimi. Hakuna aliyenishika mguu nisiende.

Nilimsubiri mume wangu, Elibariki. Msimu wa wageni ulikuwa umepamba moto. Alikuwa akipanda siku saba, anashuka anapumzika siku mbili, anapanda tena. Aliposhuka nilimwekea maji ya moto miguuni, nikamwambia yote mawili kwa mkupuo, la mimba na la kliniki. La mimba alilipokea kwa kutabasamu, hata akajisifu kidogo. La kliniki akakunja uso.

"Nikakae benchi na mabinti wa umri wa Upendo? Mimi mwenye miaka hamsini?"

"Ni asubuhi moja tu, Baba Upendo."

"Nimepika kwenye upepo siku saba, vidole vimekufa ganzi, halafu hata asubuhi moja yangu unaitaka. Watatu umezaa bila mimi kukaa benchi."

"Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi wananirudisha."

"Zamani na sasa tumbo ni lile lile."

Akavaa viatu, akaenda kwenye mbege. Kesho yake alilala mpaka jua kali. Keshokutwa akapanda mlima. Aliposhuka tena tuliongea maneno yale yale. Mara ya tatu sikuuliza.

Mwezi wa nane mwili ukaanza kubadilika. Asubuhi nikiamka macho yamevimba kama nimelia. Viatu vikanikataa, nikavaa ndala za mume wangu, nazo zikanibana. Pete ya ndoa ikazama kwenye kidole, nyama ikaifunika pande zote. Mikono ilikuwa mizito, chupi inaacha alama kiunoni mpaka jioni.

Na Bibi Ndeshi alifurahi. Hapa ndipo wengi mtajikuta. Tangu agundue, alikuwa akinipikia kwa siri kama mtu aliyekwisha kujifungua: mtori mzito wenye nyama, samli juu, uji wa ulezi wenye maziwa. Alikuwa anapita kihambani na bakuli amelifunika kwa kanga. Siku moja alinikalisha, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Kidole kikazama. Alipokiondoa kikabaki kishimo, kama umebonyeza unga wa maandazi.

"Ona," akasema, anacheka. "Ona nilivyokunenepesha. Ulikuwa mifupa mitupu."

Majirani nao, waliokwisha kuanza kuhisi, wakawa wananiambia, Mama Upendo umenawiri. Nilijibu, ni mtori wa mama. Kwetu mwanamke mjamzito akikonda ni aibu ya mama mkwe wake. Akinenepa ni sifa yake. Kwa hiyo yule mama alikuwa anaangalia ugonjwa wangu kila siku na kuona sifa. Hakuwa na nia mbaya. Hapo ndipo ninapochoka, kwa sababu mwenye nia mbaya ni rahisi kumchukia.

Nilipomwambia kichwa kinapasuka, alinifunga kitambaa kwa nguvu, akasema ni jua la kuchuma kahawa. Nilipomwambia naona vimulimuli mchana, akasema nilale. Nikalala. Mtoto alikuwa anacheza bado. Ninasema hivi ili mjue kwamba mtoto kucheza si dalili kwamba mama ni mzima.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa tisa, kahawa imeiva. Nilipeleka maziwa kwenye kituo chetu cha kukusanyia, nikasimama kwenye foleni na kidumu changu. Kina mama wanaongea. Nikaanza kuona kitu kama pazia linashuka upande wa kulia. Ninakumbuka nikisema, "Nishikieni maziwa." Baada ya hapo mimi sipo, ninasimulia ya kuambiwa.

Wanasema nilianguka, nikakakamaa, nikauma ulimi, nikatikisika miguu mpaka ndala ikaruka. Wengine walikimbia, wakidhani ni kifafa cha kawaida au kitu cha kurogwa. Mzee Anaeli, dereva wa gari la maziwa, hakukimbia. Alishusha madumu ya watu barabarani, akanilaza kwenye gari kwa ubavu, kichwa mapajani mwa mama mmoja, akashuka mjini bila kupita vituo vingine. Nasikia maziwa ya vijiji viwili yaliharibika siku ile na watu walimsema. Huyu naye ninamtaja.

Njiani nilipata degedege mara ya pili. Hospitali ya mjini walinichoma sindano, wakanipasua, wakamtoa mtoto. Walikata pete kwa koleo. Haya yote sikuyajua.

Nilizinduka, giza. Nasikia viatu vinapita, nasikia vyombo.

"Umeme umekatika?" nikauliza.

Sauti ya mwanamke ikajibu karibu yangu, "Mama, ni saa nne asubuhi."

Nilifikiri ananitania. Nikapeleka mkono usoni, nikafungua kope kwa vidole. Zilikuwa wazi. Yule nesi akanishika mkono, akaniambia polepole kwamba ni kifafa cha mimba, presha ilipanda ikagusa kichwa, na kwamba kwa wengi macho hurudi. Alisema "wengi". Nilimwuliza mtoto. Akasema wa kiume, mdogo sana, yuko kwenye chumba cha joto.

Kwenye ile wodi niliishi kwa masikio. Niliijua troli ya dawa kwa gurudumu lake bovu. Nilijua mama wa kitanda cha kushoto amepata pacha, kwa sababu walilia kwa kupokezana. Nesi mwingine aliponiuliza kadi ya kliniki, nikasema sikupewa, nilirudishwa kwa kukosa mwenza. Halafu akasema, "Mwenza anaombwa aje, mama. Hakuna utaratibu wa kumrudisha mama kwa sababu mume hayupo. Walipaswa kukupima." Alisema kwa upole, lakini bora asingesema. Mpaka hapo nilidhani nimeshindwa na sheria.

Siku ya pili yule nesi aliyenishika mkono alimleta mtoto. Alifungua gauni langu, akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunika. Alikuwa mwepesi kama kuku. Alikuwa anapumua kwa haraka.

"Niambie alivyo," nikamwambia.

"Ana nywele nyingi, zimeshuka mpaka kwenye paji. Vidole virefu. Amekunja uso kama mzee aliyecheleweshwa chakula."

Nilicheka, mshono ukaniuma. Nikampapasa masikio, moja limejikunja. Yule nesi akaniuliza kama ninataka abatizwe. Alifanya hivyo yeye mwenyewe, kwa maji ya kikombe, nikampa jina Eliamani. Sijui jina la huyo nesi. Nimerudi mara mbili kumtafuta kwa sauti, sikumpata.

Eliamani alifariki siku ya tatu.

Elibariki alipata habari akiwa anashuka, getini mwa mlima, kwenye simu. Alifika na vumbi la mlimani usoni, ndivyo walivyoniambia. Alimchukua mtoto, akapanda naye nyumbani. Bibi Ndeshi alimwosha. Wakamzika kihambani. Macho yangu yakarudi siku ya tano, kwanza mwanga, halafu dirisha, halafu mkono wangu wenyewe, una alama nyeupe mahali pa pete.

Mnaona ilivyokuwa. Baba aliyekataa benchi alimwona. Bibi aliyesema tumfiche alimwona. Mimi niliyembeba sikumwona. Nimemwuliza Elibariki mara nyingi alifananaje, ananijibu, "Alifanana na wewe," na ninajua anasema hivyo ili niache kuuliza.

Nilirudi nyumbani, maziwa yakaja. Hilo hakuna aliyenionya. Matiti yalijaa mpaka yakawa mawe, nikisikia mtoto wa jirani analia yanatiririka yenyewe. Nilikuwa nakamua ng'ombe asubuhi na kujikamua mwenyewe mchana, nyuma ya jiko, namwaga kwenye shina la mgomba.

Upendo alijifungua salama mwezi wa kumi, huko huko Himo. Kliniki alihudhuria zote, na mumewe. Alipopata nguvu alikuja na mtoto mgongoni, akanikuta nimekaa.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuonea aibu."

"Mimi? Uliyenizaa?" Akalia kwa hasira. "Ungeniambia ningekupeleka mimi. Ningegombana na huyo nesi mpaka akupime."

Hakukaa siku zile alizopanga. Miezi kadhaa simu zetu zilikuwa za kuulizana hali tu.

Kwenye nyumba nilikuwa mtu wa kimya. Bibi Ndeshi alikuwa anapita mbali. Elibariki aliacha safari mbili za mlimani, akawa anakata majani ya ng'ombe, kazi ya wanawake kwetu, na watu walimcheka. Sikumshukuru.

Mvua za vuli zilipoanza, Bibi Ndeshi alikuja asubuhi mkononi ana isale. Kwa asiyejua, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini. Aliyekosa akikuletea jani lake, anaomba msamaha, na mila hairuhusu ukatae. Alikuwa amekata shina zima, siyo jani tu.

"Shikamoo mama," nikasema. Hiyo sikuwahi kumnyima.

"Marahaba." Akalinyoosha. "Nilifikiri unanenepa, mwanangu. Naapa nilifikiri unanenepa."

Sikunyoosha mkono. Tulisimama hivyo, mvua inamnyeshea yeye, mimi nipo chini ya bati. Niliona miguu yake. Alikuwa amevaa ndala, na kamba ya ndala imezama kwenye nyama.

"Si mimi peke yangu uliyenikosea," nikasema. "Mpelekee yule."

Akageuka, akaingia kihambani. Nilimfuata na jembe. Alipiga magoti kwenye tope, mama wa miaka sabini na zaidi, akachimba, akalipanda isale upande wa kichwani mwa kaburi. Alipotaka kusimama ilibidi nimshike. Nilimkalisha kwenye jiwe, nikambonyeza mguu kwa kidole gumba. Kikabaki kishimo.

"Ni hiki," nikamwambia. "Ulichokuwa unakicheka ni hiki."

Wiki ile nilimpeleka mjini. Sasa tunahudhuria kliniki ya presha pamoja, mimi na yeye, kila mwezi, benchi moja. Ananiuliza umemeza? Namjibu nimemeza, na wewe? Wasiotujua wanadhani ni mama na binti yake wanaopendana sana.

Isale la pili nililipanda mimi, kwa ile barua ya mwenyekiti ambayo sikuifuata, na kwa kumficha. Elibariki alipanda la tatu bila kuambiwa. Nililikuta tu asubuhi moja, limeegemezwa vizuri kwa fito.

Siku hizi mke wa jirani akiwa na mimba na mumewe hayupo, anapita kwangu, ninavaa viatu. Tunakwenda wote. Ninakaa naye benchi mpaka anaitwa, ninaingia naye. Mara ya kwanza Felista aliuliza, "Mwenza yuko wapi?" Nikamwambia, "Mpime presha kwanza, ya mwenza tutaongea." Aliniangalia, safari hii usoni. Akachukua kile kipimo, akamfunga yule binti mkononi. Tangu hapo hajarudisha mtu nikiwapo. Nisipokuwapo sijui.

Njia ya Felista ya kwenda kazini inapita juu ya kihamba changu. Kaburi linaonekana vizuri kutoka pale, na yale masale matatu yameshika, yamekuwa marefu. Upande wa miguuni nimeuacha wazi. Ninapalilia, magugu yasiote. Akija na la kwake sitaweza kukataa, mila ni mila, na kuna asubuhi ninaomba aje, na kuna asubuhi ninasikia viatu vyake juu ya njia na ninaingia ndani kabla hajafika.